Usilioshe hilo tangi kwanza, liangalie!

Najua mliozoea kupita hapa mnatarajia habari za programu na simu, na leo nawaletea maji machafu. Nivumilieni kidogo. Mkifika mwisho mtaona ni yale yale tunayozungumza hapa kila mara, ila safari hii seva yenyewe ni ya kioo, inabeba lita ishirini, na ndani yake mna samaki.

Nianze kwa kukiri: niliwahi kuua samaki wanne kwa sababu ya usafi.

Ilikuwa hivi. Nilinunua tangi dogo na gapi wanne, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi rangi. Muuzaji aliniambia neno moja tu: maji yakichafuka, mwaga yote uweke mapya. Siku ya tano maji yakabadilika, yakawa meupe meupe kama mtu ametia kijiko cha maziwa. Basi nikafanya kile ambacho kila mtoto aliyelelewa na mama wa Kikenya angefanya. Niliwahamisha samaki kwenye ndoo, nikamwaga maji yote, nikasugua kioo kwa brashi, nikaosha changarawe mpaka zikang'aa. Ile sponji ya kuchujia maji niliishika chini ya mfereji nikaikamua na kuikamua mpaka ikatoa maji safi kabisa. Kisha nikajaza tangi moja kwa moja kutoka kwenye mfereji. Jamani, lilipendeza! Ungeweza kusoma gazeti ukiliweka nyuma ya lile tangi.

Asubuhi yake samaki mmoja alikuwa juu kabisa ya maji, mdomo wazi, anatweta. Wiki haikuisha kabla sijabaki na tangi safi lisilo na mtu ndani.

Kilichoniuma zaidi ya hasara ni aibu. Kazini mimi ndiye yule jamaa msumbufu ambaye huwazuia wenzake kuzima na kuwasha seva kabla hawajasoma kumbukumbu zake. Ukiwasha upya, tatizo linaweza kutoweka, lakini ushahidi nao unaondoka, na hujui litarudi lini. Naihubiri dini hiyo kila siku. Halafu nyumbani, maji yamebadilika rangi kidogo tu, nikafuta kila kitu nikaanza upya bila hata kuuliza ule weupe ni nini.

Kwa hivyo hoja yangu leo ni hii: tangi likionekana chafu, kabla hujagusa chochote, liangalie na uandike ulichokiona. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita uchafu ni wafanyakazi. Wana zamu zao, wana mpangilio wao, na kila ukiosha kila kitu unawafuta kazi wote siku moja, kisha unashangaa kwa nini kazi haifanyiki.

Nilifikia hoja hii kwa msaada wa mpwa wangu, binti ya dada yangu, ambaye alikuja kukaa nami likizo. Alilikuta lile tangi tupu pembeni akaniuliza lilikuwa la nini. Nilipomweleza, akacheka, halafu akaniuliza swali lililonikalisha chini. "Anko, hii amiba mwalimu hutuchorea ubaoni kila wakati. Wewe umewahi kuiona?"

Sikuwa nimewahi. Nilisoma biolojia kidato cha kwanza hadi cha nne, nikachora amiba na paramesiamu, nikaandika majina ya sehemu zake kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikapata alama zangu. Kumwona aliye hai hata mmoja, hapana. Na ni viumbe ambao huwapata kwenye maji yaliyotuama karibu popote nchini.

Basi tukakubaliana tulianzishe tangi upya, bila samaki, na tuliangalie. Maji ya mfereji tuliyaacha siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi. Tuliweka changarawe, majani machache ya majini na kikombe cha tope kutoka bwawa la samaki la rafiki yangu. Kila siku tulitia chembe chache za chakula cha samaki, ingawa hapakuwa na samaki wa kukila. Hadubini niliipata ya mitumba, ya kawaida tu ya shule, inayokuza mara 40, 100 na 400.

Kama huna hadubini usikate tamaa. Zile kalamu ndogo za leza za kuchezea zina kilenzi mbele. Toa betri kwanza, chomoa kilenzi, kibandike juu ya kamera ya simu yako kwa selotepu, kisha isogeze simu karibu kabisa na tone la maji lililo juu ya kipande cha kioo. Hutaona bakteria, lakini wanyama wakubwa wakubwa wa tangi utawaona wakikimbia, na paramesiamu utamwona kama nukta nyeupe isiyotulia. Paramesiamu wa kawaida ana urefu wa robo ya milimita hivi, kwa hivyo jicho zuri kwenye mwanga mzuri humwona hata bila kifaa.

Sasa nisikilizeni tulichokiona.

Siku ya nne maji yakawa meupe, vile vile kama mara ya kwanza. Mkono wangu ulikuwa unawasha kutaka kuyamwaga! Lakini safari hii tulichukua tone tukaliweka chini ya hadubini. Kwenye ukuzaji wa mara 400 tone lilijaa vitone vidogo mno vinavyotetemeka: bakteria, wengi wasiohesabika. Ule weupe ndio wao. Chakula kinapooza, bakteria wanaokula mabaki huongezeka kwa kasi ya ajabu, na wakiwa wengi vya kutosha maji hupoteza uangavu. Yaani nilichokiita uchafu kilikuwa ni kundi la wasafishaji waliofika kazini.

Siku ya saba wakatokea viumbe wengine, wadogo, wenye mkia mmoja au miwili kama uzi, wanaojisukuma huku na huku. Hawa walikuwa wanakula bakteria. Baada yao wakaja wenye umbo la haragwe, wanaoitwa kolpoda. Mwisho wa wiki ya pili, paramesiamu. Siku hiyo mpwa wangu alipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango. Alikuwa amemwona akizunguka kwenye mhimili wake huku anasonga mbele, kama parafujo inayoingia mbaoni, vinyweleo vyake vikipepea pande zote. "Anko, mbona kwa kitabu haizunguki?" Nikamwambia kitabu hakina betri.

Na maji je? Kufikia hapo yalikuwa yamekwisha kuwa angavu tena. Hatukuyabadilisha, hatukutia dawa. Wale weupe walikuwa wameliwa.

Wiki ya tatu utando wa rangi ya kahawia ukatanda kwenye kioo. Ukikwangua kidogo unaona diatomu, mwani wa seli moja wenye maganda yaliyotengenezwa kwa silika, kitu kile kile kinachotumika kutengenezea kioo. Katikati yao wakajishikiza vortisela, wana umbo la kengele juu ya kikonyo, na ukigusa slaidi kile kikonyo hujikunja ghafla kama springi. Wiki ya nne wakaja rotifa, wanyama kamili wenye seli nyingi, wana magurudumu mawili ya vinyweleo kichwani yanayovuta maji mdomoni. Wiki ya tano tukaanza kuwaona saiklopi, binamu wadogo wa kamba, wenye jicho moja na mifuko miwili ya mayai ubavuni. Amiba mwenyewe tulimpata wiki ya sita, kwenye tope la chini, akitembea polepole kama mtu anayekwenda kulipa deni. Wote hawa walitoka katika kikombe kimoja cha tope na majani machache.

Msidhani ni bahati ya tangi langu. Mwaka 1912, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Lorande Loss Woodruff, alichapisha utafiti wa kitu cha kawaida kabisa: nyasi kavu zilizolowekwa majini. Aliwafuatilia viumbe wanaotokea humo na akaona kwamba makundi hufikia kilele chake kwa mpangilio. Kwanza wale wadogo wenye mikia kama uzi, kisha kolpoda, baadaye paramesiamu, halafu vortisela, na amiba karibu na mwisho. Mpangilio unatokana na kazi wanayofanya: kila kundi hula kilichopo, hubadilisha maji, na kwa kufanya hivyo huwaandalia wanaofuata nafasi. Unaweza kuiita foleni, lakini ni foleni ambayo aliye mbele ndiye anayemjengea mlango aliye nyuma.

Sasa rudini kwenye mkasa wangu wa mwanzo. Kwa nini gapi wale walikufa?

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia mashavu yake, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Amonia ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Ndani ya tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi. Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria hawa kuanzia mwaka 1890 hivi, na kwa zaidi ya karne moja iliaminika kwamba kazi hiyo lazima igawanywe kati ya makundi mawili. Kisha mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yakatangaza katika jarida la Nature kwamba baadhi ya bakteria wa jenasi ya Nitrospira huifanya kazi yote wenyewe, mwanzo hadi mwisho. Mojawapo ya makundi hayo liliwapata kwenye kichujio cha mfumo wa kufugia samaki. Yaani siri ya miaka mia moja ilikuwa imekaa ndani ya uchafu wa chujio!

Jambo la muhimu kwetu ni mahali wanapoishi na kasi yao. Bakteria hawa hawapendi kuelea. Hujibandika kwenye sponji, changarawe, kioo na majani. Na huongezeka polepole sana. Bakteria wa kawaida wa maabara aitwaye E. coli akipewa mazingira mazuri anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20, lakini hawa wa amonia huchukua masaa mengi, mara nyingine siku nzima. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji kama wiki nne hadi sita kukomaa. Kwa vipimo vya matone vinavyouzwa kwenye maduka ya samaki, tuliona amonia ikipanda wiki ya pili, kisha nitriti ikapanda huku amonia ikishuka, na kufikia wiki ya sita vyote viwili vilikuwa vimeshuka hadi sifuri.

Mimi sponji niliikamua chini ya mfereji. Maji ya mfereji wa Nairobi, yanayotoka sana sana Ndakaini, hutiwa klorini ili kuua bakteria kabla hayajatufikia. Hiyo ni kazi nzuri kwa tumbo lako, lakini kwa sponji ya tangi ni maangamizi, na kwa mashavu ya samaki ni moto. Kwa nusu saa nilikuwa nimewafukuza wafanyakazi wote, nikaharibu nyumba zao, nikajaza maji yenye dawa ya kuwaua waliobaki, kisha nikawarudisha samaki wanne walete amonia mahali ambapo hapana mtu wa kuishughulikia. Halafu nikasimama mbele ya kioo nikifurahia usafi.

Najua kuna watakaosema: wewe kijana, maji machafu huleta magonjwa, usitufundishe uvivu. Ni kweli kabisa, na sitaki mtu anielewe vibaya. Maji ya tangi si ya kunywa. Osha mikono kwa sabuni kila ukimaliza. Ukitaka kuchota tope au majani, usiingie mtoni au ziwani miguu mitupu, kwa sababu kichocho kinatoka kwa konokono wa maji na vimelea vyake hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Konokono wa kuokota ziwani usimtie tanginini kabisa.

Na sisemi usifanye chochote. Samaki akitweta juu ya maji, kitu kimeharibika na hutakiwi kukaa ukiandika mashairi. Lakini hata hapo, kuangalia kwanza huchukua dakika tano tu. Pima amonia. Tazama kama pampu ya hewa inafanya kazi. Kisha badilisha robo ya maji kwa maji yaliyokaa nje siku nzima, na siku nyingine uangalie tena. Sponji ikiziba, ikamue ndani ya yale maji uliyoyatoa tanginini, usiipeleke mferejini. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Waandishi wa programu mnalijua hili: ukibadilisha mistari kumi kwa pamoja na tatizo likaondoka, hujui ni upi uliolitatua, na likizidi hujui ni upi wa kulaumu.

Tena si kila badiliko ni zuri eti kwa sababu ni la asili. Muulizeni mtu wa Kisumu kuhusu Ghuba la Winam, jinsi maji hugeuka kijani kizito kama rangi ya kupaka. Hayo ni makundi ya bakteria wa kijani wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na baadhi yao, kama Microcystis, hutoa sumu inayodhuru ini. Wanashibishwa na mbolea inayomomonyoka kutoka mashambani na maji taka ya mijini. Chini ya hadubini kijani hicho na kijani cha mwani usio na madhara ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa macho matupu vinaweza kufanana. Kwa hivyo hata anayetaka kupigana na uchafu anahitaji kuutazama kwanza, la sivyo hajui anapigana na nani.

Wapo watu ambao kazi yao ni hiyo. Mitambo mingi ya kusafishia maji taka duniani hutumia bakteria walewale tunaozungumzia, na wanaoiendesha huchukua tone la lile tope na kulitazama kwa hadubini. Wakiona vortisela na rotifa wengi, wanajua mambo ni mazuri. Wakiona wale wa mwanzo wenye mikia tu, wanajua mfumo bado mchanga au umepata mshtuko. Sisi wa Nairobi tunapotoa maji chooni, sehemu kubwa huelekea kwenye mabwawa ya Ruai, ambako bakteria na mwani husaidiana kuyasafisha chini ya jua, siku baada ya siku. Mji wenye mamilioni ya watu unategemea viumbe ambao mimi niliwaosha kwa mfereji nikidhani nafanya la maana.

Mnakumbuka nilisema kuangalia NA kuandika. Hilo la pili ndilo watu huliruka, na ndilo lenye thamani zaidi. Sisi tulikuwa na daftari. Kila siku saa moja jioni tulichukua matone matatu: moja kutoka juu ya maji, moja kutoka kwenye kioo, moja kutoka kwenye tope. Kwa kila tone tulitazama sehemu kumi za slaidi kwenye ukuzaji wa mara 100 tukahesabu tulichokitambua. Tusichokijua tulikichora na kukipa jina la utani. Pembeni tuliandika joto la maji na chochote tulichokigusa siku hiyo.

Wiki ya nne paramesiamu wakaanza kupotea. Nilijua sababu mara moja, si mimi ndiye msomi? Nilikuwa nimelihamisha tangi kutoka dirishani kwenda kwenye meza, kwa hivyo mwanga umepungua, kwa hivyo wamekufa. Nikamweleza mpwa wangu kwa ufasaha wote wa mtu mwenye shahada. Yeye hakunijibu. Alifungua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akanionyesha kwa kidole. Walikuwa wameanza kupungua siku nne kabla sijalihamisha tangi, tangu maji yalipomaliza kuwa angavu. "Anko, chakula chao kiliisha," akasema. "Si wewe husema watu wasome kumbukumbu kwanza?"

Nilinyamaza. Bila lile daftari ningeapa mahakamani kwamba ni mwanga. Kumbukumbu ya kichwa hupanga matukio jinsi inavyopenda, na kitu cha mwisho ulichokigusa ndicho hupata lawama.

Isitoshe, hawakuwa wamepotea wote. Kwenye tone la tope walibaki wachache. Na hapa pana hadithi nyingine nzuri. Miaka ya 1930 kijana wa Moscow aitwaye Georgy Gause, akiwa na miaka ishirini na kitu, aliweka paramesiamu pamoja na didiniamu, mwindaji wao, ndani ya vichupa. Maji yalipokuwa matupu, didiniamu walikula paramesiamu wote, kisha wakafa njaa wenyewe. Mwisho wa pande zote mbili. Lakini alipoweka mashapo chini, baadhi ya paramesiamu walijificha humo, wawindaji wakafa njaa, na waliojificha wakatoka na kuongezeka tena. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1934. Mimi nikisoma hayo naziona zile changarawe zangu zilizong'aa. Ule uchafu wa chini nilioutoa kwa bidii ulikuwa ndio maficho.

Na mtu wa kwanza tunayemjua kuwaona wengi wa viumbe hawa hakuwa profesa. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Delft, Uholanzi. Mwaka 1674 alipita kwenye ziwa karibu na mji wake, akaona maji yamekuwa meupe na yana mawingu madogo ya kijani. Wenyeji walikuwa na maelezo yao tayari, walisema ni umande. Yeye alichota kidogo kwenye chupa, akaenda nayo nyumbani, na kesho yake akayatazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Sote tunajua maji yanapobadilika rangi. Tofauti yake na mimi wa mara ya kwanza ni kwamba yeye aliyaweka chini ya lenzi, mimi niliyamwaga chooni.

Ndiyo maana nasema, na hapa nawalenga wazazi na walimu wanaonisoma: mtungi wa kioo, tope kidogo na kilenzi cha simu ni maabara tosha. Mtoto aliyemwona paramesiamu akizunguka hatamsahau, na mtoto aliyeweka daftari kwa wiki sita amejifunza kitu ambacho mimi nilikipata kazini baada ya kuvuruga mifumo ya watu: kwamba unaweza kuwa na hakika kabisa na bado uwe umekosea, na kwamba dawa yake ni kuandika mapema, kabla hujawa na maoni.

Leo tangi langu lina gapi sita. Upande mmoja wa kioo nausafisha ili niwaone samaki, pande tatu nimeziachia wenyewe, kahawia na kijani kwa fujo. Saiklopi wamepungua sana tangu samaki waingie, nadhani mnajua wameenda wapi. Mama alikuja kunitembelea majuzi, akaliangalia lile tangi, akaniangalia mimi, akauliza brashi iko wapi. Nikamwomba akae kwanza, nikampa hadubini. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Kumbe wanaishi." Baada ya hapo akauliza tena brashi iko wapi, lakini angalau safari hii alikuwa ameangalia kwanza.

Haya, chukueni mtungi, chukueni daftari. Wiki sita tu. Mkiona kitu msichokijua, kichoreni, kipeni jina, halafu tuambiane. Tukutane tena wiki ijayo, na naahidi tutarudi kwenye programu.